Pedi za breki za nyuma: kazi iko kwenye pini na handibreki

Ukishabadilisha pedi za breki za mbele mara kadhaa, mkono unazoea. Unafungua tairi, unainua kalipa, yaani chuma kinachobana pedi, unasukuma pistoni yake irudi ndani, unapachika pedi mpya, unafunga. Nyuma mambo ni mengine, na kinacholeta tofauti ni kimoja: handibreki. Kwenye magari mengi yenye diski nyuma, yaani sahani ya chuma inayozunguka na tairi na kubanwa na pedi, kalipa ile ile inayobana unapokanyaga pedali ndiyo inayobana unapovuta handibreki. Kwa hiyo ndani yake kuna mtambo wa ziada, nje kuna kebo na kikono cha chuma, na vyote hivyo hushika kutu, hukwama, na hula pedi huku dereva hana habari. Miaka ninayojitengenezea breki nyumbani imenionyesha kwamba pedi zenyewe za nyuma huingia kwa muda mfupi sana. Muda mrefu huishia kwenye kuhakikisha kinachotakiwa kuteleza kinateleza, na kinachotakiwa kurudi kinarudi. Anayeruka sehemu hiyo atanunua pedi nyingine kabla ya wakati wake.

Gari lililonifundisha zaidi ni saluni ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele, yenye handibreki ya kebo. Lilianza kwa mlio mwembamba wakati wa kupunguza mwendo. Mlio wa namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye ulimi mdogo wa chuma uliofungwa kwenye pedi. Umewekwa makusudi, ili pedi ikichakaa na kubaki na milimita 2 au 3 uguse diski na kupiga kelele. Lakini kulikuwa na dalili nyingine iliyonishughulisha zaidi. Rimu ya nyuma kushoto ilikuwa na vumbi jeusi kuliko ya kulia, na baada ya safari, nikisogeza kiganja karibu na rimu ile bila kuigusa, joto lilinipiga. Ya kulia ilikuwa vuguvugu tu. Mlio unakuambia pedi zimekwisha. Joto likipishana kati ya kushoto na kulia, jua kuna kitu kimeshika na hakiachii.

Mtu anaweza kuuliza pedi za nyuma zinaishaje haraka wakati breki za mbele ndizo zenye kazi kubwa. Ni kweli kwamba ukikanyaga breki uzito wa gari hukimbilia mbele, ndiyo maana diski za mbele huwa kubwa na pedi zake nene zaidi. Lakini magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, na mfumo wa kuzuia gari lisiteleze kwenye kona hubana gurudumu moja moja bila dereva kugusa chochote. Hivyo pedi za nyuma kwisha kabla ya za mbele siku hizi si lazima iwe hitilafu. Hitilafu ni pale pedi moja inapokwisha na mwenzake wa gurudumu hilo hilo bado anadai maisha, au upande mmoja unapokwisha na mwingine bado.

Kabla ya kugusa spana, fikiria gari litazuiwa na nini lisitembee. Kazi ya breki za nyuma inakutaka uachie handibreki, maana ikiwa imevutwa kebo inashikilia kalipa na pistoni haitarudi. Maana yake unaondoa kile kile ulichozoea kukitegemea gari lisitembee. Gari linalovutwa mbele, ukiliweka kwenye gia, au kwenye P kama ni la otomatiki, magurudumu ya mbele yanashikiliwa na gia, na juu ya hapo unaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halikupi faida hiyo, kwa sababu gia inashikilia magurudumu yale yale unayoyanyanyua, kwa hiyo usalama wote unabaki kwenye kabari. Sakafu iwe ngumu na tambarare. Nati za tairi nalegeza wakati tairi bado liko chini na handibreki bado imevutwa. Kisha naweka kabari, napiga jeki, nashusha gari juu ya stendi, nalisukuma kwa ubavu kuona kama linacheza, na hapo ndipo naachia handibreki. Jeki ni ya kunyanyulia. Kubeba gari wakati mtu anafanya kazi ni kazi ya stendi, na tairi nililolitoa huwa nalilaza chini ya ubavu wa gari, liwe kinga ya pili.

Chini ya boneti kuna jambo dogo linalosahaulika. Pedi zinavyochakaa pistoni husogea nje, na mafuta ya breki huzifuata, kwa hiyo kiasi kwenye kopo lake hushuka taratibu bila kuvuja popote. Kama kuna mtu aliyejazia njiani, siku ya kurudisha pistoni mafuta yatapanda na kumwagika, na mafuta haya hubabua rangi ya gari. Navuta kiasi kwa bomba la sindano safi, na tone likianguka kwenye bodi naliosha kwa maji mengi papo hapo. Kuongeza mafuta nako kuna adabu yake. Kifuniko cha kopo kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, yaani daraja la mafuta ya breki, na hiyo ndiyo inayofuatwa. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishanyonya, kiwango chake cha kuchemka hushuka sana. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, lakini ikishaingiwa na maji kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Chupa iliyofunguliwa siku nyingi na kuachwa rafuni haifai kuingia kwenye breki.

Nilipofungua tairi la kushoto sikukimbilia pedi mpya. Nililowesha vumbi kwanza kwa dawa ya kusafishia breki, nimevaa barakoa. Vumbi la breki halipulizwi kwa hewa wala kwa mdomo. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na hata zisizo nayo vumbi lake ni laini mno, halina haja ya kufika kwenye mapafu. Kisha nikatoa bolti ya chini ya kalipa, nikainua kalipa, nikachomoa pedi na kuzipanga juu ya boksi lililokunjuliwa, kila moja mahali pake: kushoto ndani, kushoto nje, baadaye kulia ndani, kulia nje. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu pedi kuukuu ukijua kuzisoma zinakuambia kila kitu gurudumu hilo lilichopitia.

Zilizokuwa kushoto zilisomeka hivi: ya ndani ilibaki milimita 2, ya nje ilikuwa na 6. Za kulia zilikuwa zote mbili kwenye 5. Kuelewa maana yake lazima ujue kalipa ya pistoni moja inafanyaje kazi. Pistoni iko upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, inasukuma pedi ya ndani igote kwenye diski. Ikishagota na mafuta yanaendelea kusukuma, mwili mzima wa kalipa hurudi nyuma, ukiteleza juu ya pini mbili, na kwa kurudi huko unaivuta pedi ya nje ibane diski kutoka upande wa pili. Sasa pini zikikwama, mwili wa kalipa hautelezi. Pedi ya ndani inabeba kazi peke yake, na ukiachia breki haina nafasi ya kupumua. Kwa hiyo ndani nyembamba na nje nene, shuku pini. Zikiwa zote mbili za upande mmoja zimeisha sawasawa na upande wa pili bado, shuku pistoni, au handibreki isiyorudi, au paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani ikawa inapitisha mafuta kwenda na kuyachelewesha kurudi. Pedi iliyoliwa mshazari, nene ncha hii na nyembamba ncha ile, mara nyingi inaonyesha pini moja imekwama na nyingine nzima, au masikio ya pedi, zile ncha zake mbili, yameng'ang'ania kwenye breketi, fremu ya chuma inayozibeba pedi.

Pini ya chini ilitoka kwa vidole. Ya juu ilikataa. Nilishika kichwa chake kwa spana, nikawa naizungusha kushoto na kulia huku naivuta, ikatoka kidogo kidogo, na ilipomalizika kutoka nikaona sababu. Mpira unaokinga vumbi ulikuwa umechanika ukingoni, mahali unapokumbatia shingo ya pini. Chaniko lenyewe halikuonekana mpaka niliponyoosha mpira kwa kidole gumba. Maji yaliingilia hapo. Grisi iliyokuwa ndani imegeuka kahawia na kukauka kama lami ya barabara, na katikati ya pini kulikuwa na mduara wa kutu upana wa kucha. Niliisugua kwa msasa laini nikaipapasa. Chuma kilikuwa na vishimo. Pini yenye vishimo hairudi kwangu, hata ikiteleza siku hiyo, kwa hiyo nilinunua pini mpya pamoja na mipira yake. Tundu nalo nililisugua kwa brashi nyembamba ya duara na dawa ya kusafishia, mpaka kitambaa kikatoka bila rangi.

Grisi ya pini ni jambo la kusimamia. Lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, ambayo pakiti yake inasema haidhuru mpira. Nyingi ni za silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi ina mafuta yatokanayo na petroliamu ndani yake, na mpira ukiyanywa huvimba. Ukivimba, pini iliyokuwa inateleza jana inashikwa tena. Kipimo nacho kiwe kidogo. Ukijaza tundu grisi, pini inaikandamiza pamoja na hewa kule ndani na kurudishwa nje, na hilo nalo ni kukwama kwa namna nyingine. Napaka tabaka jembamba kuzunguka pini, naiingiza, naisukuma hadi mwisho na kuiachia. Ikibaki pale nilipoiacha na ikafuata vidole bila kukwaruza, imekaa sawa. Ikijirudisha nje yenyewe, grisi imezidi. Na kama pini moja ina kikoti cha mpira nchani na nyingine haina, kila moja irudi kwenye tundu lake la awali.

Baada ya pini nikaingia kwenye breketi. Masikio ya pedi hukaa juu ya klipu za chuma kisichoshika kutu, lakini breketi iliyo chini ya klipu hushika kutu, na kutu hiyo ikikua hunyanyua klipu na kuubana mwanya wa pedi. Ukitazama juu unaona klipu inang'aa na kudhani kila kitu kipo sawa. Nazitoa zote, napiga tupa na brashi ya waya mpaka chuma chenyewe kionekane, kisha naweka klipu mpya zinazokuja na pedi. Pedi mpya inatakiwa kuingia kwa kusukumwa na kidole. Nimeona watu wakigonga pedi kwa nyundo ili iingie, na wengine wakipunguza masikio ya pedi kwa tupa. Pedi iliyogongwa kuingia haiwezi kutoka yenyewe dereva anapoachia breki, na dawa iko kwenye kutu iliyojificha chini ya klipu.

Pini ilieleza kwa nini pedi ya ndani imeliwa zaidi. Haikueleza joto lote lile. Kalipa za nyuma za aina hii zina kikono kwa mgongoni ambacho kebo ya handibreki hukivuta. Handibreki ikiwa chini kabisa, kikono hicho kinatakiwa kirudi mpaka kigote kwenye kizuizi chake. Cha kulia kiligota. Cha kushoto kilisimama milimita chache kabla ya kufika. Kipimo cha kujua mkosaji ni rahisi: unafungua kebo kwenye kikono. Kikono kikirudi chenyewe, tatizo ni kebo. Kikibaki pale pale, shimo lake ndani ya kalipa limeshika kutu na kalipa inahitaji kufanyiwa matengenezo au kubadilishwa. Cha kwangu kiliruka na kugota mara tu nilipofungua kebo. Nikaifuatilia kebo kwa mkono chini ya gari, na karibu na pale inapopinda kuelekea kwenye gurudumu gamba lake la plastiki lilikuwa limepasuka na waya wa ndani umevaa kutu. Ilikuwa inavutwa vizuri na kurudi kwa shida. Gari lililala juu ya stendi mpaka kebo mpya ikapatikana. Pedi mpya zingewekwa juu ya kebo ile zingeanza kuungua siku hiyo hiyo.

Kisha pistoni. Hapa ndipo mazoea ya mbele yanapoharibu mali. Mbele unaweka klampu, unakaza, pistoni inarudi moja kwa moja. Pistoni ya nyuma yenye handibreki ndani yake ina parafujo katikati, inayoifanya ijirekebishe kila pedi inapopungua ili handibreki isizidi kuwa ndefu. Haitarudi kwa kusukumwa tu, na ukiilazimisha kwa klampu unavunja mtambo huo. Inarudi kwa kuzungushwa huku inasukumwa. Usoni mwake ina mapengo, na kuna kifaa maalumu chenye vipini viwili vinavyoingia kwenye mapengo hayo na bamba la kuegemea. Mara nyingi unazungusha kufuata mshale wa saa, ila kuna magari ambayo upande mmoja unakwenda kinyume. Ukiona pistoni inatoka badala ya kuingia, simama. Koleo la mdomo mrefu linaweza kuizungusha, lakini halisukumi, na likiteleza linachana mpira wa kukinga vumbi, na mpira ukichanika maji yanapata njia ya kuifikia pistoni.

Naizungusha polepole kwa sababu mbili. Mafuta yanarudi kwenye kopo na yanahitaji muda, na mpira wa vumbi hupenda kujisokota pamoja na pistoni. Kila baada ya mizunguko michache nasimama, napitisha kidole kuzunguka mpira, na ukiwa umejisokota naupaka grisi kidogo ya mpira wa breki pale unapogusa pistoni ili uachie. Mwishoni pengo la pistoni halikai popote. Mgongoni mwa pedi ya ndani ya magari mengi ya aina hii kuna kijino kidogo kinachotakiwa kuingia ndani ya pengo hilo, kwa sababu ndicho kinachozuia pistoni isizunguke handibreki inapovutwa. Kijino kikikaa juu ya chuma badala ya ndani ya pengo, pedi inakaa mshazari, inaliwa mshazari, na handibreki haijirekebishi. Nalinganisha pengo kwa jicho kabla ya kushusha kalipa, kisha naangalia tena kwa tochi baada ya kushusha.

Si magari yote yako hivi. Mengine handibreki yake ni viatu vidogo, vipande vilivyopinda vinavyobana kwa kutanuka, vilivyofichwa ndani ya kofia ya diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, na hapo pistoni inasukumwa moja kwa moja kama ya mbele. Mengine yana handibreki ya umeme, mota ndogo imefungwa mgongoni mwa kalipa. Binamu yangu alinipigia simu siku moja akiwa katikati ya kazi. “Kaka, pistoni haitaki kurudi. Nimekaza klampu mpaka inaanza kupinda.” Nikamuuliza kama handibreki ya gari lake ni ya kuvuta au ya kubonyeza kitufe. Akasema kitufe. “Basi acha hapo hapo, mdogo wangu, fungua klampu.” Mota ikiwa haijarudishwa nyuma, parafujo yake imesimama nyuma ya pistoni na hakuna nguvu ya halali itakayoirudisha. Lazima gari liingizwe kwenye hali ya matengenezo, kwa kifaa cha uchunguzi kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, au kwa mpangilio wa pedali na kitufe ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kwa baadhi ya aina. Mota ikijirudisha, pistoni inasukumwa kwa urahisi. Na kalipa ikiwa nje, ufunguo ukae mbali, na mtu yeyote asiguse kitufe, maana mota itasukuma pistoni hewani. Kazi ikiisha unalitoa gari kwenye hali hiyo ili lijipime upya. Alifuata hatua hizo na pistoni ikaingia kwa mkono.

Wakati wote huo kalipa inaning'inia kwenye waya niliofunga kwenye springi, haibebwi na paipu yake ya mpira. Paipu ikibeba uzito inaweza kuumia ndani pasipoonekana. Na nafanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kufungua wa pili, ili nikisahau klipu ilikaaje nina mfano mzima upande ule. Pedi za kulia zilikuwa bado na milimita 5, lakini zilibadilishwa pia. Ekseli moja inapewa pedi mpya pande zote mbili, la sivyo gari linabana upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine.

Diski nilizipima. Unene wa chini unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe, ukingoni au kwenye kofia, kwa herufi MIN TH na namba ya milimita. Ukipima kwa kipimo cha taya bapa utajidanganya, kwa sababu diski iliyotumika huacha ukingo mnene pale pedi isipofika, na taya hukaa juu ya ukingo huo. Mikromita inafika pale pedi inapogusa. Tazama pia uso wa ndani wa diski, ule usioonekana gari likiwa limesimama. Huo ndio hushika kutu na michirizi mapema. Zangu zilikuwa juu ya kiwango, nikazisugua msasa mwepesi, nikaziosha kwa dawa, na sikuzigusa tena kwa vidole.

Kufunga kulikwenda haraka. Mgongo wa pedi na masikio yake yalipata grisi nyembamba, uso wake haukupata chochote. Ulimi wa mlio nikauweka upande ule ule uliokuwapo. Bolti za kalipa ya nyuma ni ndogo, na hapa naomba utumie spana ya kupimia torki, yaani nguvu ya kukaza, pamoja na namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Nyingi ziko kwenye nyutonimita 25 hadi 35, wakati nati za tairi kwa kawaida huzidi 90. Mkono uliozoea nati za tairi hukata bolti hizi bila kuhisi.

Kabla ya kuwasha injini, pedali. Mara ya kwanza inazama mpaka chini kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi. Unaikanyaga taratibu mara kwa mara mpaka iwe ngumu na ya juu. Gari likisogezwa hata hatua mbili kabla ya hapo, halina breki. Halafu handibreki inavutwa na kushushwa mara nyingi ili mtambo wa ndani ujirekebishe. Kebo mpya hukazwa mwisho kabisa, baada ya pistoni kujipanga. Ukianza na kebo, unavuta vikono kabla ya wakati, havirudi kwenye vizuizi vyake, na unakuwa umerudisha kwa mkono wako tatizo lile lile la kebo yenye kutu. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha dereva, mimi nikiwa nyuma na magurudumu yote mawili hewani. “Vuta.” Yote mawili yakafunga. “Shusha.” “Tayari, kaka.” Nikayazungusha kwa mkono. Kushoto na kulia yalizunguka kwa uzito ule ule, pedi zikigusa diski kwa mchakacho mdogo, kama inavyotakiwa. Nikatazama vikono kwa tochi, vyote viwili vilikuwa vimegota.

Pedi mpya zinahitaji kulainishwa na diski yake. Barabara ikiwa tupu napunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi kama 10, kwa breki ya wastani, bila kusimama kabisa, kisha naendesha kidogo zipoe, na kurudia mara kadhaa. Sisimami nikiwa nimekanyaga pedali kwa nguvu wakati diski ni za moto, wala sivuti handibreki hapo hapo, kwa sababu pedi inaweza kuacha alama yake mahali ilipobana. Siku za mwanzo naacha nafasi ndefu zaidi na gari la mbele. Baada ya safari hiyo nilisogeza kiganja karibu na rimu zote mbili, joto likawa sawa.

Kuanzia hapo nimeshika ukaguzi mmoja. Kila matairi yanapozungushwa nafasi, napima pedi za ndani kwa tochi na kipimo chembamba, si za nje tu zinazoonekana kirahisi, na nasukuma kalipa kwa mkono kuona kama inacheza juu ya pini. Pia handibreki ya gari lile inavutwa kila linapoegeshwa. Magari ya otomatiki ndiyo yanayoletwa kwangu mara nyingi yakiwa na vikono vilivyoganda, kwa sababu mwenye gari anaweka P na kuondoka, handibreki inakaa miezi bila kuguswa, kutu inatulia ndani ya kebo, na mtambo wa kurekebisha pistoni haupati kazi yake. Jamaa mmoja nilimtengenezea kalipa zote mbili kwa sababu hiyo. Nikamwambia akifika nyumbani avute handibreki hata kama uwanja wake ni tambarare, na kama gari litakaa siku nyingi bila kutembea, kabla ya kuivuta ahakikishe kwanza breki zimepoa na kukauka.